Taa za dharura mchana zinawaka usiku zinagoma: kisa cha shoti ya lodji moja Tanga

Hiki kisa nimekaa nacho muda mrefu, sasa naona bora nikiandike chote mpaka vipimo, maana nishaitwa sehemu zaidi ya moja nikakuta watu wameshanunua betri mpya kwa tatizo ambalo na betri havijuani kabisa. Ila hii ya Tanga ndo ilinikalisha chini siku nzima.

Lodji yenyewe ipo upande wa baharini, chini na ghorofa mbili juu, jina lake tuliache. Mwenyewe ni mama mtu mzima, alinipigia jioni, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba haraka haraka akaingia kwenye shida yake moja kwa moja: "Mwanangu njoo uniangalizie hizi taa, umeme ukikatika usiku wageni wanashuka ngazi na simu mdomoni." Nikamuuliza zinakataa zote? Akasema mchana zinawaka vizuri tu, usiku ndo hazitaki, "ni betri hiyo, imechoka, ila ndo ya pili hiyo mwaka huu."

Betri ya pili ndani ya mwaka mmoja. Nilivyosikia hivyo tu nikajua kuna kitu kinaziua.

Kesho yake asubuhi nikafika. Mfumo wenyewe wala si mgumu, fundi wa kwanza aliyeufunga alikuwa na akili zake. Chini ya ngazi kuna kaboksi ka bati, ndani kuna betri moja ya volti 12 ampea-saa 100, zile zilizozibwa ambazo haziongezwi maji, chaja yake, na rilei (swichi inayojiwasha na kujizima yenyewe kwa umeme). Koili ya rilei inakula umeme wa kawaida wa jengo kupitia brika yake ndogo, umeme ukiwepo inashikilia kontakti zikae wazi, ukikatika inaachia, kontakti zinafunga na betri inapeleka moto kwenye taa. Taa ziko 14, balbu za LED za volti 12 wati 5 zile za kuzungusha kwenye holda kama balbu ya kawaida (hapo kuna hatari yake, siku mtu akiichomoa akaipachika kwenye holda ya umeme mkubwa italia pa!, na nimeshaona). Chini tano, ghorofa ya kwanza nne, ya pili tano, na moja kati ya hizo tano iko nje, kwenye varanda inayoangalia bahari ambako kuna ngazi ya chuma ya kushukia. Zote zinalishwa na waya mmoja wa 1.5 (yani unene wa shaba, milimita za mraba) unaopanda kutoka kwenye boksi, unaruka holda hadi holda. Ukijumlisha ni wati 70, yani karibu ampea 6 zote zikiwaka. Fyuzi ilitakiwa kuwa ya 10.

Nilikuta ya 30.

Hapo ndo nikaanza kuuliza historia, na historia ikaja vipande vipande, mama anasema hiki, dada wa mapokezi anasema kile, na babu mlinzi ambaye alikuwa ndo anamaliza zamu yake anasubiri chai. Mwanzo fyuzi ya 10 ilikuwa inakatika. Si kila siku, ila mara nyingi umeme ukienda usiku, wanakuta imekatika. Akaitwa fundi, akaweka nyingine, akajaribisha, taa zikawaka, akaondoka. Ikakatika tena. Akaja mwingine, huyu akaona dawa ni kuweka ya 30 ili "isisumbue". Na kweli haikusumbua tena. Kuanzia hapo tatizo likabadilika sura, fyuzi haikatiki ila umeme ukienda usiku taa zinawaka hafifu kama mshumaa, zingine hazionekani kabisa, na baada ya masaa machache betri imekauka kabisa. Ndo wakahukumu betri.

Babu mlinzi akachomekea, na naomba mshike maneno yake kama alivyoyasema: "Zinazima mi nikiwa nishafunga milango. Na kuna siku kulinuka kama plastiki inaungua huko juu, nikasema, hakuna aliyenisikiliza."

Na mimi sikumsikiliza, nikiri tu. "Nishafunga milango" nikaichukulia kama saa, kwamba ni kwenye saa nne usiku huko. Nikaandika kwenye daftari "saa 4 usiku" nikaendelea na yangu.

Ile fyuzi ya 30 niielezee kidogo maana hapo ndo pana mtego wa hii mifumo ya volti ndogo. Watu wamezoea shoti ya umeme mkubwa, ikipiga inapiga, brika inaruka, biashara imeisha. Kwenye volti 12 mambo si hayo. Waya wa shaba wa 1.5 una ukinzani (yani unavyozuia umeme kupita) wa kama omu 0.012 kwa kila mita, sasa moto unakwenda na unarudi kwa hiyo ni 0.024 kwa kila mita ya umbali. Shoti ikitokea mita 20 kutoka kwenye betri, waya peke yake una karibu nusu omu. Gawa volti 12 na hapo ongeza na ukinzani wa maungio, unapata kama ampea 22 au 23. Hiyo ndo shoti yenyewe, kamili, chanya imebusu hasi, na fyuzi ya 30 inaiangalia tu haifanyi kitu! Ile ya 10 ingekatika muda huo huo. Kwa hiyo fundi wa pili hakuondoa tatizo, alimfunga mdomo shahidi, halafu waya wa 1.5 uliofukiwa ndani ya jipsamu ukaachiwa ubebe ampea 20 na kitu kwa masaa, mpaka betri ya ampea-saa 100 iishe. Ndo harufu ya babu hiyo. Jengo zima lile na wageni wamelala. Na betri ikikamuliwa mpaka chini kabisa mara tano mara sita hivyo lazima ife, hizi za madini ya risasi hazipendi kushuka chini ya volti kumi na nusu hata kidogo.

Nikaanza kazi. Kwanza pete mfukoni na saa mfukoni, maana betri ya ukubwa ule haikupigi shoti ya mwili lakini spana ikilala juu ya vichwa vyake viwili inatoa ampea maelfu, na pete ya ndoa ikiwa katikati kidole kinaenda nayo. Nikatoa waya wa betri, nikaipima imepumzika, volti 11.6, yani haina kitu. Nikaweka ya kwangu niliyokuja nayo.

Nikazungusha balbu zote 14 nikazitoa, nikazipanga mezani mapokezi. Hii usiiruke. Balbu za LED ndani zina kapasita (kidude kinachotunza umeme kidogo) na saketi yake, ukiweka mita kwenye sauti ya bizi, ile inayolia waya zikigusana, na balbu zimo, inalia kidogo halafu inanyamaza, unabaki hujui umesikia shoti au kapasita inajaa. Kila balbu nikaipima peke yake kwenye betri, kila moja inakula kama ampea 0.4, hamna mwizi. Chaja nayo nikaipima, inatoa volti 13.6, safi. Rilei inabofya vizuri inashika inaachia.

Sasa waya mtupu, hauna balbu, hauna betri. Mita kwenye omu, chanya na hasi: wazi kabisa. Hakuna shoti. Nikatikisa waya kwenye boksi, nikapanda ngazi nikachezea kila holda, dada wa mapokezi anaangalia mita chini ananiambia "bado kaka, bado." Nusu saa tunacheza hivyo. Nikarudisha balbu, nikaweka fyuzi ya 10, nikazima brika ya rilei ili mfumo udhani umeme umekatika, taa zote 14 zikawaka zinapendeza. Mama akatoka akaziangalia akasema "si unaona? Mchana zinawaka."

Hapo ndo wale mafundi wawili walionitangulia walipokusanya vifaa wakaondoka, na mimi kidogo nifanye hivyo hivyo.

Nilichofanya ni kutoa tena balbu zote, nikatoa fyuzi, na mahali pa fyuzi nikafunga balbu ya indiketa ya gari, wati 21, na klipu mbili. Hii balbu ndo kifaa changu cha bei rahisi kuliko vyote na ndo kinanilisha. Ikiwa hakuna shoti haiwaki, maana holda zote tupu hakuna anayekula moto. Shoti ikitokea inawaka kwa nguvu zote, lakini yenyewe ndo inazuia, haipiti zaidi ya ampea moja na nusu mbili hivi, kwa hiyo waya hauungui, betri haifi, na wewe unaweza kuiacha shoti iendelee kuwepo huku unaitafuta kwa raha zako. Fyuzi inakwambia tu kwamba kulikuwa na shoti. Balbu inakwambia ipo SASA HIVI.

Nikaitundika nje ya kaboksi ionekane, brika ya rilei nimeizima, nikamwambia kila mtu aendelee na shughuli zake kama sipo. Nikavuta kiti, nikaletewa chai na kitumbua. Dakika ishirini hamna. Arobaini hamna. Kitumbua kimeisha. Nikaanza kufikiria labda ni joto, labda ni umande wa usiku, chumvi ya bahari ile inakula kila kitu, nikawa najiandaa kisaikolojia kulala pale.

Mara balbu ikawaka, nyeupe, kama indiketa ya gari jipya.

Nikapiga kelele "mmefanya nini huko juu?!" Dada wa usafi akachungulia ngazini amejaa hofu, "sijafanya kitu kaka, napiga deki tu." Nikapanda mbio. Korido ya ghorofa ya pili imeshadekiwa, na mwisho wa korido mlango wa alumini wa kwenda varanda umefungwa. Nikamuuliza huu mlango si ulikuwa wazi? Akasema ndio, huwa tunauwekea tofali mchana hewa ipite, ila upepo ulikuwa unaniletea mchanga kwenye deki nikaufunga. Nikaufungua, nikaita chini, "imezima?" "Imezima!" Nikafunga. "Imewaka!" Tukafanya hivyo mara sita kama watoto.

Na hapo ndo maneno ya babu yakanirudia. Zinazima mi nikiwa nishafunga milango. Alishanipa jibu kabla hata sijafungua begi, bure, na mimi nikaandika saa nne usiku.

Ukiunganisha sasa yote yanakaa sawa. Ilikuwa lazima vitu viwili vikutane: umeme ukatike, maana umeme ukiwepo rilei imekata na waya wa juu hauna moto hata kidogo, na mlango uwe umefungwa. Mchana umeme ukikatika mlango una tofali, taa zinawaka. Usiku babu kafunga kwa ajili ya mbu na wezi, shoti. Na kila fundi akija anakuja asubuhi, anapanda na kushuka na ngazi yake ya mbao begani, mlango uko wazi.

Lakini mlango kufungwa hakukuambii shoti iko wapi, usije ukaanza kubomoa kwa hisia. Inaweza kuwa juu ya mlango, inaweza kuwa mita tatu ndani ya dari ambako chaneli ya jipsamu inavutwa na fremu. Nikaacha mlango umefungwa, balbu chini inawaka, nikapima mkondo, ampea 1.7. Nikachukua mita kwenye volti ndogo nikaanza kupita holda moja moja, holda tupu ni sehemu nzuri sana ya kupimia, huna haja ya kufungua boksi lolote. Mantiki yake ni nyepesi: moto unatembea kwenye waya mpaka kwenye shoti halafu unarudi, kwa hiyo kadiri unavyoisogelea shoti volti kati ya chanya na hasi zinapungua, na ukishaipita, huko mbele hakuna moto unaotembea, kipimo kinaganda hapo hapo hata uende mita mia.

Holda ya kwanza chini nilipata 0.71. Ghorofa ya kwanza pale ngazi inapofikia, 0.50. Ya pili hapo hapo kwenye ngazi, 0.30. Katikati ya korido 0.17. Nikafungua dirisha la chumba cha mwisho nikatokea varanda (mlango siwezi kuufungua maana shoti itapotea, mgeni wa chumba kile Mungu ambariki kwa uvumilivu), nikapima holda ya nje: 0.05.

Hiyo 0.05 ya nje ndo volti ya shoti yenyewe, pale chuma kinapogusana na waya pana uchafu kidogo. Nikaitoa kwenye 0.30 ya pale ngazini ikabaki 0.25. Kwa ampea 1.7 waya wa 1.5 unapoteza kama volti 0.041 kila mita kwenda na kurudi. 0.25 gawa kwa 0.041 ni mita 6 na kitu. Nikachukua futi, nikapima kutoka holda ya ngazini kufuata njia ya waya hadi mlangoni, mita 6 kasoro kidogo. Hapo sasa ndo unabomoa.

Juu ya fremu ya alumini, kati ya fremu na linta (ile boriti ya zege juu ya mlango), fundi alumini alikuwa ameacha uwazi kama wa kidole akajaza silikoni. Waya ulikuwa unapita humo humo ndani ya silikoni kwenda nje, hauna bomba, hauna chochote. Nikakata silikoni na kisu taratibu. Fremu ilikuwa haijashikwa juu, skrubu mbili za kushikilia kwenye linta hazikuwekwa kabisa, matundu yapo matupu. Kwa hiyo mlango ukifungwa na upepo wa bahari ukiusukuma, fremu nzima inainuka kidogo, milimita mbili tatu hivi, na ukingo wake uliokatwa na msumeno bila kupigwa tupa unauma waya. Ulikuwa umeshatafuna mpira wa nyuzi zote mbili, shaba inaonekana, imeshaanza rangi ya kijani ya chumvi, na kwenye alumini kuna vidoa vyeusi vya kuungua vitatu vinne. Mpira wa waya kuelekea ndani ulikuwa umekakamaa, ukiupinda unakatika kama tambi kavu. Mama alipanda akatazama, akashika kile kipande cha waya muda mrefu bila kusema kitu, halafu akauliza, "Hiki ndo kimekula betri zangu mbili?"

Marekebisho sikufunga tepu, tepu pale ni kuahirisha. Waya nikautoa wote kutoka kwenye boksi chini mpaka varanda, maana waya uliobeba ampea 20 na kitu masaa yote yale simwamini tena hata kama kwa macho unaonekana mzima, na yeye mama ndo aliyesisitiza. Nje nikatoboa tundu jipya ukutani pembeni ya linta nikapitisha bomba la plastiki. Skrubu za fremu nikaweka, pamoja na kwamba si kazi yangu. Kwenye kaboksi nikagawa laini tatu, kila ghorofa na fyuzi yake ya ampea 5, zile za gari, na moja ya 15 karibu kabisa na kichwa cha betri. Ghorofa yenye taa tano inakula kama ampea mbili kwa hiyo 5 inatosha, na hata shoti ikitokea kule varanda mwisho kabisa italeta ampea karibu 20, fyuzi ya 5 hapo haimalizi sekunde, na ghorofa nyingine zinabaki na mwanga. Ile ya 30 niliondoka nayo mfukoni, sikutaka ibaki hata kwenye droo.

Betri zake nikazijaribu zote mbili, ya kwanza ilikuwa stoo imeachwa tupu miezi, ukiichaji inaonyesha volti 12.9 vizuri tu, ukiiwekea taa ya mbele ya gari ya wati 55 dakika tatu iko volti 9. Hiyo imekufa. Ya pili ilirudi, si kama mpya, ila iliwasha taa zote 14 masaa matatu na zaidi bila kushuka vibaya, nikamwambia aendelee nayo.

Nilisubiri mpaka babu aingie zamu. Saa nne kasoro nikamwambia babu funga milango yako kama kawaida, akafunga, nikazima brika kubwa ya jengo lote, giza, halafu tap! taa zote zikawaka. Babu hakuamini. Akapanda mwenyewe juu, nikamsikia anaufungua ule mlango anaufunga, anaufungua anaubamiza, mara nne au tano, halafu akashuka akaniuliza kama ile balbu ya indiketa naiuza.